Kumtunza mteja mkubwa wa unga: ushauri kutoka Kisenyi, Kampala

Muuza rejareja akipoteza mteja, kesho anapata mwingine. Ukilisha shule ya bweni au hoteli, akiondoka mmoja tu unaanza kuwaza mshahara wa vijana wa mashine ya kusaga. Kwa hiyo hawa wachache usimwachie dalali. Washughulikie mwenyewe.

Kwanza jua pesa yao inaingia lini. Shule hulipa karo ikiingia, na karo huingia muhula ukifunguliwa: Februari, mwishoni mwa Mei, Septemba. Kumdai mhasibu katikati ya Mei, watoto wakiwa likizo, ni kutafuta ugomvi bure.

Muhula wa pili ndio mtihani. Unafunguliwa ghala zimepungua, na mahindi mapya ya Masindi na Kiryandongo bado yako shambani. Bei inapanda. Mimi bei ya muhula huo huizungumza Januari, mahindi yakiwa mengi: nusu ya mzigo kwa bei isiyobadilika, nusu tunafuata soko. Tunaandika, hata karatasi moja yenye sahihi mbili yatosha. Wapo wanaofunga bei ya mwaka mzima. Ujasiri huo sina.

Mahindi nayapima unyevu kabla ya kusaga. Kiwango cha Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5, yakizidi, ukungu na sumukuvu haviko mbali. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Tanzania kwa siku kadhaa kwa sababu hiyo, na wanunuzi wa hoteli hawajasahau. Piga picha ya kipimo, mtumie mtunza stoo kwa WhatsApp. Ndiye anayefungua gunia, na neno lake jikoni hufika kwa mkuu kabla ya lako.

Mzigo ukichelewa, sema kabla hujaulizwa, na uwe na la kutoa: "Mwalimu, habari za asubuhi. Lori limeharibikia Luweero. Leo jioni naleta magunia kumi ya kusogezea, mengine Alhamisi." Atanung'unika, lakini watoto watakula.

Risiti ziwe za EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Uganda (URA), la sivyo hoteli hailipi. Mteja aliyeteuliwa na URA atakata asilimia 6 ya malipo yako kama kodi ya zuio. Dai cheti chake siku hiyohiyo. Na deni liwe na kikomo. Kwangu ni mzigo wa mwezi mmoja, hata kwa rafiki.

Kitu kidogo kwa mhasibu usitoe. Akiondoka yeye, unaondoka naye.

Wakubwa nao huhamishwa. Ukisikia mwalimu mkuu anahama, mwombe akutambulishe kwa anayekuja, kisha nenda wiki ya kwanza na faili la hati za kupokelea mzigo na hesabu ya deni iliyosainiwa. Usingoje akuite, wenzako wa Kisenyi wameshapanga foleni getini.