Kusafisha bustani ya balkoni baridi ikianza kuisha (usikimbilie kutupa mimea)

Juzi shemeji kanipigia video anionyeshe balkoni yake, vyungu 11 vimejaa vijiti vikavu na mkononi kashika mfuko wa taka. Nikamwambia shemeji, hebu weka huo mfuko chini kwanza.

1. Usiwahi sana. Siku moja ya jua isikudanganye, subiri mchana ufike kama nyuzi 10 kwa wiki hivi. Kwenye yale majani makavu wamejibanza wadudu wanaokula vidukari, ukifagia mapema umefukuza walinzi wako.

2. Fagia, osha vyungu vitupu.

3. Sasa kujua kipi kimekufa na kipi kimelala. Hapa ndo nilipoumia mimi. Kwangua gome kwa ukucha, padogo tu kama punje ya mchele. Ukiona kijani chenye unyevu, kipo hai. Ukiona kahawia na kavu, usikate tamaa, shuka chini kidogo ukwangue tena, maana ncha inaweza kufa na shina likawa zima, na shina likifa lote bado mizizi inaweza kuwa salama. Mwaka mmoja nilitupa waridi, nikalikung'uta udongo juu ya mfuko nikaona kichipukizi chekundu kimetoka pale chini kabisa, urefu wa kucha, nimeshalivunja tayari. Ndo maana siku hizi siishii kwenye vijiti, nachungulia na mizizi: ikiwa migumu na myeupe mmea uache, ikiwa laini na inanuka basi kwaheri. Mnanaa ndo kabisa, juu unakauka wote halafu unarudi. Lavenda usiikate mpaka kwenye shina la zamani lililogeuka gumu kama mti na halina majani, mara nyingi haichipui tena hapo. Na haidrenjia zile za majani mapana toa kichwa cha ua kilichokauka tu, ishia juu ya macho mawili ya kwanza yaliyonenepa (vile vivimbe vya kuchipulia), mimi niliwahi kuifyeka yote nikaambulia majani tu msimu mzima bila ua hata moja. Mkasi uwe wa makali yanayopishana, ile ya kugandamiza inaponda shina, siipendi hata bure. Ufute kwa spiriti kila ukihamia chungu kingine.

4. Udongo. Toa sentimita 5 za juu uweke mboji mpya, ukikuta funza weupe waliojikunja waokote wote, hao wanakula mizizi. Mizizi ikiwa imezunguka chungu, hamishia chungu kinachozidi cha zamani kwa upana wa vidole viwili tu. Zibua matundu ya chini kwa kijiti. Hizo habari za kujaza kokoto chini mimi sizitaki, maji yanakwama juu yake vilevile na balkoni inabeba uzito wa bure.

5. Mbolea ngoja majani mapya. Mimea iliyokuwa ndani ya nyumba itoe nje saa moja mbili kivulini, uongeze kila siku kwa wiki hivi, usiku irudi ndani.

Shemeji kakwangua vyote. Vitatu vimekufa kweli, kimoja bado tunabishana.