Kusimamia chaneli ya jamii ya kebo katika mji wa pembezoni mwa jiji, Marekani

Katika miji mingi inayozunguka majiji makubwa ya Marekani, ukipekua chaneli za kebo utakuta moja au mbili zisizo na matangazo ya biashara. Leo kuna mkutano wa baraza la mji, kesho mechi ya shule ya sekondari, keshokutwa mzee anaonyesha namna ya kupanda nyanya. Hizo ni chaneli za jamii. Mkazi anaruhusiwa kuomba nafasi hewani, na pale walipohamia Wakongo, Wakenya na Watanzania, nafasi hiyo ni ya vipindi vya Kiswahili vilevile.

Ukikabidhiwa chaneli ya namna hii, elewa mapema kwamba yanayosemwa kwenye vipindi ni ya wakazi, si yako. Yako ni mlango, saa na sauti.

Anza na mkataba

Kabla ya kugusa kamera, omba nakala ya mkataba kati ya mji na kampuni ya kebo. Sheria ya shirikisho ya 1984 inauruhusu mji kudai chaneli za umma, za elimu na za serikali, na kutoza ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato ghafi ya huduma ya televisheni ya kebo. Tafuta humo idadi ya chaneli, mahali picha yako inapoingia kwenye mtandao wa kampuni, nani anatengeneza kifaa cha hapo kikiharibika, na tarehe ya mwisho ya mkataba. Majadiliano ya mkataba mpya huchukua muda mrefu. Anza kukusanya hoja miaka mitatu kabla.

Kuhusu fedha, kuna mambo mawili yanayowanasa wageni wa kazi hii. La kwanza: ile asilimia 5 kwa kawaida huingia mfuko mkuu wa mji, na sheria ya shirikisho haiulazimishi mji kuitumia kwa televisheni. Usipofika kwenye vikao vya bajeti, itajenga barabara. La pili: mikataba mingi ina fungu jingine la vifaa na majengo. Fungu hilo lisilipe mishahara wala umeme. Likitumika hivyo, kampuni ina msingi wa kudai lihesabiwe ndani ya asilimia 5, na mji utakaotakiwa kurudisha fedha hautakushukuru. Fungua akaunti mbili tangu siku ya kwanza.

Ada hiyo hupigwa kwa televisheni, si kwa intaneti. Kaya ikikata kebo na kubaki na intaneti peke yake, mapato yanashuka ingawa waya ni uleule. Panga bajeti ya miaka mitano kwa kudhani yatapungua kila mwaka.

Mlango

Kanuni za matumizi ziandikwe, zipitishwe na bodi au baraza, na zibandikwe ukutani. Msingi wake ni kwamba anayetangulia kuleta kipindi anatangulia kupata nafasi, bila kuulizwa ni wa dini gani au chama gani. Kampuni ya kebo yenyewe imekatazwa na sheria kuingilia maudhui ya chaneli hizi, isipokuwa uchafu kama ule wa ponografia. Upande wa shirika linaloendesha chaneli, Mahakama ya Juu iliamua Juni 2019, kwa kura 5 dhidi ya 4, katika kesi ya Manhattan Community Access dhidi ya Halleck, kwamba shirika binafsi lililokuwa likiendesha chaneli za umma New York si chombo cha serikali, hivyo halifungwi na kifungu cha Katiba cha uhuru wa kusema. Wasimamizi wengine walidhani wameruhusiwa kuchagua wanaowapenda. Uamuzi huo haukufuta masharti ya mkataba wenu wala kanuni za jimbo, na mji ukiendesha chaneli wenyewe, Katiba inaubana moja kwa moja.

Kwa hiyo usikague kipindi ili kuamua kama kinafaa. Mpe mtayarishaji fomu ya ukurasa mmoja asaini kwamba yeye ndiye anayewajibika, kwamba ana ruhusa ya muziki na picha alizotumia, na kwamba hakuna tangazo la biashara ndani. Hapo kwenye biashara ndipo penye mabishano mengi, basi toa mfano kwenye fomu. "Kipindi hiki kimewezeshwa na duka la fulani" inakubalika. "Jumamosi njooni mpate punguzo la asilimia 20" haikubaliki, hata akiisema mchungaji kwa nia njema. Vipindi vya watu wazima vipelekwe baada ya saa 4 au saa 5 usiku, na saa hiyo iandikwe kwenye kanuni kabla ya malalamiko ya kwanza kufika. Saa inayowekwa kwa sababu ya kipindi kimoja inaonekana adhabu, na kweli ni adhabu.

Saa

Gawa siku kwa vipande vya nusu saa na vya saa nzima. Kipindi cha nusu saa kiwe na dakika 28 na sekunde 30. Kinachobaki kijazwe na ubao wa matangazo ya mji, kila slaidi ikikaa sekunde 10 hadi 12. Vipindi vya kila wiki vipewe nafasi kwa wiki 13, kisha mwenye kipindi aombe upya. Bila ukomo huo, nafasi nzuri za jioni zitashikwa na watu watano wanaorudia kanda za mwaka juzi.

Mtayarishaji wa Kiswahili ana mtego wake. Akiandika "saa 2 usiku" kwenye fomu, mfanyakazi Mmarekani ataingiza 2:00 AM, na kipindi kitaruka hewani wakati kijiji kizima kimelala. Weka kwenye fomu kisanduku cha saa ya Kimarekani, 8:00 PM, na umwombe mtangazaji ataje zote mbili hewani.

Machi na Novemba, saa za Marekani zinaposogezwa, kagua ratiba Jumapili asubuhi. Seva, yaani kompyuta inayorusha vipindi, isiyochukua saa yake kutoka mtandaoni itachelewesha au kuwahisha kila kitu kwa saa moja mpaka mtu apige simu.

Sauti

Mtazamaji huvumilia picha yenye giza. Asiposikia, anaondoka. Malalamiko ya mkutano wa baraza karibu yote ni ya sauti.

Hesabu midomo kwanza: madiwani 7, karani, mwanasheria, meneja wa mji, na mimbari ya wananchi. Hizo ni maiki 11. Zikiwa wazi zote kwa pamoja, ukumbi unaingia kwenye rekodi: feni, karatasi, kikohozi. Kila idadi ya maiki zilizo wazi ikiongezeka maradufu, unapoteza desibeli 3 za sauti ambayo ungeweza kuongeza kabla spika hazijaanza kupiga mluzi. Dawa ni mikisa (kifaa cha kuchanganya sauti za maiki) inayofungua maiki ya anayesema na kushusha nyingine yenyewe. Ikikosekana, mweke mtu mwenye hedifoni asiyefanya kazi nyingine.

Sauti itoke kwenye mikisa kwa waya hadi kwenye kamera au kompyuta ya kurekodi. Usitegemee maiki ya kamera iliyo mita 8 nyuma ya ukumbi. Mambo mawili huharibika hapa. Tundu la kamera likiachwa kwenye hali ya maiki, linapokea umeme wa mikisa ulio mkubwa mara mamia ya uliotarajiwa, na kila neno linapasuka. Geuza swichi iende kwenye laini (line), hali ya kupokea sauti kubwa ya mikisa. La pili ni mngurumo mzito usiokoma, unaotokea mikisa na kamera zinapochomekwa kwenye soketi za saketi tofauti. Weka transfoma ndogo ya kutenganisha sauti katikati ya waya, nao utanyamaza. Wala usikate pini ya ethi ya plagi ili kuuondoa. Pini hiyo inalinda uhai.

Mimbari inahitaji jicho la pekee. Mwananchi ana dakika 3, ana hofu, na ni mrefu au mfupi kuliko aliyemtangulia. Maiki yenye shingo ya kupinda ielekezwe kifuani, si mdomoni, ili herufi p na b zisipige pumzi, na karani awe na desturi ya kuisogeza kila anapobadilika msemaji. Mwananchi yule amekuja mara moja tu mwaka mzima. Asikose kusikika kwa sababu ya shingo ya maiki.

Wastani wa sauti hewani uwe -24 kwa kipimo cha ukubwa wa sauti kiitwacho LKFS, kiwango cha televisheni za Marekani. Kagua pia kwamba sauti iko pande zote mbili. Rekodi nyingi za maiki moja hukaa kushoto peke yake, na mwenye spika moja anayesikia kulia hapati kitu.

Faili zinazoletwa na wakazi

Omba video iliyobanwa kwa mfumo wa H.264, picha ya nukta 1920 kwa 1080, fremu 29.97 kwa sekunde, sauti ya 48 kHz. Video za simu hubadilisha kasi ya fremu zenyewe, na matokeo yake midomo inaanza sawa na sauti, lakini dakika ya 20 imeachana nayo. Zibadilishe kuwa za kasi moja kabla ya kuziingiza kwenye ratiba. Kwa megabiti 8 kwa sekunde, saa moja inakula gigabaiti 3.6, hivyo vipindi vipya vya saa 40 kwa wiki ni gigabaiti 144. Jina la faili lianze na tarehe, mwaka mbele. Maandishi ya skrini yanayojiandika yenyewe yazimwe kwenye kipindi cha Kiswahili, maana mashine iliyowekwa Kiingereza itatoa maneno ya ovyo. Weka tafsiri ya Kiingereza iliyotayarishwa na mtu.

Kuazimisha vifaa

Mkazi amalize mafunzo na jaribio dogo la vitendo kwanza. Mkoba mmoja uwe na kamera, stendi ya miguu mitatu, betri 2, chaja, kadi 2 za gigabaiti 64, maiki ya kifuani na hedifoni. Kwa megabiti 50, kadi moja inarekodi chini ya saa tatu. Kinachopotea kuliko vyote ni kibao kidogo kinachofungwa chini ya kamera ili ikae kwenye stendi: kinarudi kimeng'ang'ania kamera ya mtu binafsi, na anayefuata hawezi kupiga picha. Kifunge kwa uzi kwenye stendi, na ufungue mkoba mbele ya anayerudisha.

Mwisho, lipia kisanduku cha kebo ofisini kama mteja wa kawaida. Kila asubuhi tazama chaneli yako kupitia hicho, kwa sauti, dakika tano. Studio inaweza kuonyesha picha safi huku kifaa kilichoko kwa kampuni kikiwa kimekwama tangu jana usiku.