Soketi na mtoto anayetambaa: kabla ya kununua vifuniko, weka kalamu chini

Mtoto akianza kutambaa, simu ninazopigiwa na wazazi zinafanana. Wanaulizia vile vifuniko vya plastiki vya kuziba matundu ya soketi, vinauzwa wapi na bei gani. Huwa nawaomba wasubiri kwanza. Soketi ya matundu matatu tunayotumia Tanzania, Kenya na Uganda ni ya Kiingereza, na kiwango chake, BS 1363, kilipotoka mwaka 1947 tayari kilikuwa kinadai soketi iwe na kinga ya watoto ndani yake. Kinga hiyo unayo ukutani kwako sasa hivi, kama hamjaivunja. Nyumba nyingi ninazoingia wameivunja.

Mwongozo huu umefuata mpangilio ninaoutumia mwenyewe nikiitwa kwenye nyumba yenye mtoto mdogo.

Hatua ya 1: Anzia kwenye boksi la breka

Nenda ilipo meni swichi. Tafuta kifaa chenye kitufe kidogo kilichoandikwa T, kikiwa na herufi RCD au RCCB (kwenye nyumba za zamani utakuta ELCB). Soma namba: kwa ajili ya kulinda watu inatakiwa 30 mA, wakati mwingine huandikwa 0.03 A. Ukikuta 100 au 300 mA, hicho kinasaidia kuzuia moto. Mtu hakimlindi inavyotakiwa.

Kwa nini nianze huku wakati tunazungumzia soketi? Kwa sababu wengi wanaamini fyuzi na sakiti breka zitamwokoa mtoto. Fyuzi ya kwenye plagi hufika ampea 13, yaani miliampea 13,000. Kinachoweza kuua ni makumi ya miliampea tu. Fyuzi na breka ya kawaida zipo kulinda waya usiungue. Mwili wa mtoto hazina habari nao. RCD inafanya kazi nyingine: inalinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30, maana yake umeme unavuja mahali, pengine unapita kwa mtu kwenda ardhini, na inakata kabla hujamaliza kupepesa jicho.

Bonyeza kile kitufe cha T. Nyumba, au sehemu ya nyumba, ikizimika, kizuri. Rudisha swichi juu. Isipozimika, kifaa kimekufa, kibadilishwe. Rudia jaribio hilo kila baada ya miezi michache, maana vifaa hivi vikikaa muda mrefu bila kuchezeshwa hung'ang'ania. Kama boksi lako halina kabisa, huo ndio ununuzi wa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote kwenye mwongozo huu. Mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki kusikia habari za matengenezo anaweza kununua RCD ya kuchomeka kwenye soketi na kuitumia pale sebuleni anapocheza mtoto.

Jambo moja tu: mtoto akishika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, au akaingiza uma kwenye matundu yote mawili ya chini, RCD inaweza isione tofauti yoyote. Kwake huyo ni kama taa nyingine imewashwa. Ndiyo maana kinga ya kwenye soketi yenyewe haina mbadala.

Hatua ya 2: Mulika kila soketi

Washa tochi ya simu na umulike matundu mawili ya chini. Unatakiwa kuona plastiki imeziba njia. Hivyo ni vijilango. Tundu la juu, la ethi (waya wa kwenda ardhini), liko wazi, na halina umeme kama waya zimefungwa sawasawa. Sasa angalia plagi ya miguu mitatu: mguu wa juu ni mrefu kuliko ile miwili. Unatangulia kuingia, unasukuma vijilango, ndipo miguu ya chini inapata njia. Soketi nyingine zinataka miguu ya chini isukume kwa pamoja. Kwa vyovyote, kidole cha mtoto au msumari mmoja kwenye tundu la chini haufiki popote.

Ukiona shaba badala ya plastiki, vijilango vimekatika au vimekwama. Soketi hiyo haina tofauti na waya ulio wazi, ibadilishwe. Vilevile ile iliyopasuka uso, inayocheza ukutani ukiishika, na yenye alama ya kuungua kahawia kuzunguka matundu.

Usiiamini sana ile swichi ya kwenye soketi. Kwa soketi nyingi inakata waya mmoja tu, ule wa moto. Fundi aliyekosea akabadilishana moto na nyutro, ukizima swichi tundu bado lina umeme. Ukisimama mbele ya soketi, moto unatakiwa uwe tundu la kulia, nyutro kushoto, ethi juu. Kuna plagi ndogo ya kupimia yenye taa tatu, inachomekwa na kukuambia papo hapo kama mpangilio umekosewa au kama ethi haipo. Fundi asiyekuwa nayo mwulize kwa nini.

Dalili ya ethi mbovu huhitaji kifaa kuijua: friji au mashine ya kufulia inapiga shoti ndogo ukiigusa ukiwa peku. Watu huizoea, wanavaa ndala na maisha yanaendelea. Mtoto anayesimama kwa kushikilia mlango wa friji, miguu mitupu, nepi imelowa, hana ndala.

Kubadilisha soketi nashauri umwite fundi mwenye leseni, inayotolewa na mamlaka ya nishati: EWURA kwa Tanzania Bara au EPRA kwa Kenya. Ila simama naye. Hakikisha amezima meni swichi na kupima kwa testa kabla ya kugusa. Waya wa moto (mwekundu, au kahawia kwa waya mpya) uingie L, nyutro (mweusi au bluu) iingie N, na ule wa kijani na njano uingie kwenye alama ya ethi. Akishakaza skrubu, avute kila waya kidogo kuona kama umeshika. Nyuzi za shaba zisibaki zinachungulia nje. Ukiona ameukata waya wa ethi na kuukunja nyuma ya boksi eti hauna kazi, mlipe nauli arudi kwake.

Hatua ya 3: Kalamu

Hapa ndipo penye ugonjwa wetu. Simu, redio au mashine ya kunyolea imekuja na plagi ya miguu miwili, soketi ni ya matundu matatu. Kila mtu Afrika Mashariki anajua dawa yake: chukua kalamu, kijiti cha meno au mpini wa kijiko, sukuma kwenye tundu la juu, vijilango vinafunguka, chomeka, vuta kalamu. Sekunde mbili.

Matokeo yake ni mawili. La kwanza, ile miguu ya duara haikai vizuri, inacheza na kupata moto, na vijilango vinavyolazimishwa kila siku hukatika. La pili ndilo linalonitisha. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayekaa mapajani mwako anakutazama. Hawezi kubuni mwenyewe namna ya kufungua soketi hiyo, lakini kuiga anaweza vizuri sana, na wewe umemwonyesha kuwa kifaa kinaingia pale juu kwanza.

Kwa hiyo, kuanzia leo, hakuna kalamu. Chaja ya simu nunua ya miguu mitatu. Kwa vifaa vingine kata plagi ya miguu miwili na ufungiwe ya miguu mitatu yenye fyuzi: ampea 3 kwa vifaa vidogo, 13 kwa pasi na birika. Usipotaka kukata, tumia adapta ya kugeuza inayoifunika plagi nzima na kukazwa kwa skrubu. Ukinunua, geuza plagi uangalie miguu. Ile miwili ya chini inatakiwa kuvikwa plastiki nusu iliyo karibu na mwili wa plagi, ili kidole kisiguse chuma chenye umeme plagi ikiwa imechomoka kidogo. Mguu wa ethi, kama ni wa chuma, unatakiwa uwe chuma kitupu wote (kwenye chaja unaweza kuwa plastiki tupu, hiyo inaruhusiwa). Ukiuona ni chuma kilichovikwa plastiki nusu, hiyo ni feki, irudishe.

Marufuku hiyo waambie na dada wa nyumbani, shemeji na babu anayekuja likizo. Ukiacha wewe peke yako haisaidii.

Hatua ya 4: Ekstensheni

Zile ekstensheni zenye matundu mapana ya kupokea plagi ya kila nchi ni vigumu kuzitetea penye mtoto. Upana wa matundu unaoruhusu kila plagi unaruhusu pia kijiko, funguo na kidole chembamba. Nyingi hazina vijilango. Nyingi hazina fyuzi. Baadhi zina waya mbili tu ndani, ethi hakuna, ingawa tundu lake limechorwa. Na mahali pake pa kawaida ni sakafuni, kando ya kitanda, yaani kimo kilekile cha mtoto.

Nunua yenye alama ya BS 1363, kisha ujaribu vijilango vyake kwa tochi kama ulivyofanya kwa soketi. Ina matundu nyuma ya kuning'iniza kwenye skrubu: itundike ukutani nyuma ya kabati la televisheni. Waya usipite chini ya zulia wala mkeka, hapo hukanyagwa hadi ganda likachanika na hakuna anayeona. Mkiwa mnatumia ekstensheni kila siku chumba hichohicho, tatizo ni uhaba wa soketi, na fundi anaongeza moja kwa kazi ya nusu siku.

Hatua ya 5: Sasa tuongee vifuniko

Kwa soketi ya matundu matatu yenye vijilango vizima, mimi siviweki. Kifuniko chenyewe kina mguu wa plastiki unaoingia kwenye tundu la ethi, na mguu huo ndio unaofungua vijilango. Mtoto akikichomoa na kukirudisha kichwa chini miguu juu, mguu wa ethi unaingia, kifuniko kinabaki kimening'inia upande wa juu, na matundu mawili ya chini yako wazi kabisa. Vingine vimepimwa vibaya, vinapanua vishikio vya ndani au mguu unakatikia humo. Mwaka 2016 Wizara ya Afya ya Uingereza ilitoa tahadhari ikitaka vifuniko hivyo viondolewe kwenye majengo ya huduma za afya, na sababu zilikuwa za namna hii.

Walioko Bujumbura, Goma au Ujerumani, ambako soketi ni za matundu mawili ya duara, hesabu yao ni nyingine. Kama soketi haina vijilango, kifuniko kina maana, ingawa kubadilisha soketi yenyewe ni bora. Walioko Marekani watafute herufi TR usoni mwa soketi. Tangu mwaka 2008 kanuni za umeme za huko zinataka nyumba mpya ziwekewe soketi zenye vijilango.

Soketi ya chini usiyoitumia kabisa, fundi aiondoe, azibe waya kwa konekta na kufunga bamba lisilo na matundu. Au sogeza kabati zito mbele yake.

Hatua ya 6: Vitu vinavyoning'inia

Wanaojenga huniuliza kama soketi zote ziwekwe juu. Nawaambia wafikirie waya. Soketi ikiwa juu ya meza ya jikoni na waya wa birika unaning'inia, mtoto atauvuta, na maji yanayochemka yatamfikia kabla ya umeme. Weka soketi nyuma, karibu na ukuta wa meza, na waya mfupi.

Hita ya koili ya kuchemshia maji kwenye ndoo: kama bado mnayo, iwe nyuma ya mlango uliofungwa kwa komeo, chini ya macho ya mtu mzima, na izimwe na kuchomolewa kabla mkono haujagusa maji. Ukiweza kuachana nayo, achana nayo.

Chaja ya simu ikimaliza kazi ichomolewe. Ule mwisho wa waya ndio mtoto anautia mdomoni, na chaja feki inaweza kupitisha umeme wa volti 230 hadi huko.

Akirushwa na umeme

Usimshike. Zima meni swichi kwanza. Ikiwa mbali, msukume atoke kwa mti mkavu wa fagio au kiti cha plastiki, wewe ukiwa umesimama mahali pakavu. Asipopumua, anza kukandamiza kifua, mara 30 kisha pumzi 2, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha theluthi ya kifua. Kwa mtoto mchanga tumia vidole gumba viwili, mikono ikizunguka kifua, huku mtu mwingine akitafuta usafiri. Palipoungua pamwagie maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Dawa ya meno na asali viacheni.

Hata akiinuka na kucheza, apelekwe hospitali, kwa kuwa umeme huunguza ndani bila alama kubwa nje. Na kama alitafuna waya akaungua pembeni mwa mdomo, jua kwamba kigaga kinaweza kubanduka baada ya wiki moja au mbili na mshipa ukavuja damu nyingi ghafla. Ikitokea, bana sehemu hiyo kwa kitambaa safi, kidole kimoja ndani ya shavu na kingine nje, na mrudi hospitali mkiwa mmebana hivyohivyo.