Daftari la mpaka hina: kuanzia korosho ya kwanza hadi bi harusi

Fundi wa nakshi wa Mji Mkongwe akimaliza mlango, mjukuu wake atakuja kuuona. Sisi wapaka hina tunakesha mpaka alfajiri, na baada ya wiki mbili kazi imekwenda na maji ya vyombo. Kwa hiyo hapa Wete, Pemba, utakuta mtu amepaka miaka kumi na maua yake ni yale yale. Hana pa kutazama alikotoka. Nakueleza nilivyofanya mimi.

Hatua ya 1: Nunua daftari kabla ya hina

Lisilo na mistari, la jalada gumu. Kila umbo unalochora liingie humo, na namba na tarehe, hata likiwa baya. Usichane ukurasa. Picha za simu nzuri, lakini yangu ilitumbukia baharini nikishuka boti Mkoani, ikazama na kazi ya mwaka mzima.

Hatua ya 2: Soma pindo la kanga

Usianzie mitandaoni, utakata tamaa siku ya kwanza. Fungua kabati la mama. Pindo la kanga lina korosho, maua, mawimbi na nukta, tena linakuonyesha namna ya kukata kona bila mchoro kukatika, jambo utakalolihitaji ukifika kwenye kifundo cha mkono. Chagua umbo moja tu. Mimi nilichagua korosho, ukurasa mmoja kila usiku baada ya Isha, mwezi mzima. Za mwanzo zilikuwa kama viazi.

Hatua ya 3: Koni na chupa

Usimalize hina kwa mazoezi. Koroga unga wa ngano na maji uwe mzito kama mtindi, tia kwenye koni ya nailoni, kata ncha ndogo kabisa. Tandika plastiki inayoonyesha juu ya ukurasa wako, fuatisha, futa, rudia. Anza na mistari mirefu 20, ndiyo uje kwenye nukta na maumbo. Ncha ya koni isikwaruze: inyanyue kidogo, uache uzi ulale wenyewe.

Ukishaweza, chukua chupa tupu ya soda. Mkono wa mtu haukukaa bapa kama karatasi, na wengi wanaligundua hilo mbele ya mteja. Zungusha chupa, chora kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Dakika 20 kila siku zinatosha. Anayengoja Ijumaa afanye kutwa nzima, kila Ijumaa anaanza upya.

Hatua ya 4: Hina yenyewe

Unga mzuri ni wa kijani na unanukia majani makavu. Uliogeuka kahawia umeshachoka, mwachie muuzaji. Chunga mara mbili kwa kitambaa chepesi, maana chembe moja inaziba koni katikati ya ua. Koroga kwa maji ya ndimu, tia sukari kidogo ili inate isipukutike. Funika, iache muda wa saa 8 hadi 12. Kuijaribu, weka nukta kiganjani kwa dakika tano: ukifuta ikaacha rangi ya chungwa, iko tayari. Haikai siku nyingi na joto letu, ya ziada weka kwenye friza.

Mafuta ya karafuu Pemba hayana shida kupatikana, na yanakoleza, lakini ni matone machache tu. Yakizidi yanawasha, na watoto usiwatilie kabisa. Piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba, mimi siligusi. Ule weusi mara nyingi ni dawa ya nywele, na nimeuona mkono uliotoka malengelenge kufuata mchoro wenyewe, jani kwa jani. Najua mashoga zangu wa kazi wataninunia.

Hatua ya 5: Jipake mwenyewe

Anza na mguu wako, au mkono usiouandikia. Lala nayo, asubuhi ikwangue, usiioshe, na maji yasiguse mpaka kesho yake. Andika daftarini rangi ya siku ile, kisha ya siku ya pili. Utaona mambo mawili: kiganja na wayo hukolea kuliko mgongo wa mkono, na rangi haifiki mwisho wake mpaka baada ya siku mbili.

Hili la pili nililijua kwa aibu. Nilimpaka bi harusi usiku wa kuamkia harusi, kwa hina iliyokaa siku nne jikoni. Asubuhi mikono ilikuwa rangi ya karoti. Picha zote alificha vidole ndani ya mtandio. Mama yake hakunilipa, na haki yake. Umo ukurasa wa 41, sikuuchana.

Hatua ya 6: Usiku wa sikukuu

Kabla ya Idi watoto wa mtaa watajaa barazani. Wapake, ukilipwa usilipwe. Mikono 30 kwa usiku mmoja: huyu anacheka na kutikisika, yule anatoka jasho, bibi ngozi yake ina mikunjo na mstari wako unapotea ndani. Hakuna chupa inayofanya hivyo. Kesho yake chora upya daftarini zile tatu zilizokutoka vizuri, na moja iliyokushinda.

Hatua ya 7: Mpe mteja daftari

Asikwambie "nipake vizuri". Aonyeshe ukurasa, mkubaliane bei ya ukurasa ule, na tarehe ya kupaka iwe siku mbili kabla ya harusi. Mimi niko daftari la tatu. Juzi mama mmoja alifungua la kwanza kwa makosa, akaziangalia zile korosho, akaniuliza kama viazi navyo huwa ninapaka.