Namna ya kufundisha somo la Uislamu kwenye chuo cha theolojia bila kukosana na majirani

Ninafundisha katika chuo kidogo cha theolojia hapa Tabora. Nimezaliwa Ujiji, kwenye nyumba ambayo baba alikuwa katekista na wajomba zangu walikuwa watu wa msikitini, kwa hiyo somo hili kwangu si la kufaulia mtihani tu. Vijana tunaowaandaa wanakwenda kuwa wachungaji Urambo, Kaliua, Kasulu na Uvinza, na huko nusu ya mtaa inaweza kuwa ya Waislamu. Naandika kwa ajili ya mwalimu mwenzangu aliyeambiwa na mkuu wa chuo aanzishe somo la dini nyingine na hajui aanzie wapi.

Anzia nje ya chuo. Kabla hujaandika muhtasari wa somo, mpitie mwenyekiti wa mtaa, halafu nenda mwenyewe kwa imamu wa msikiti ulio jirani. Usitangulize barua yenye muhuri. Barua humfanya mzee wa watu aanze kujiuliza mnataka nini. Muda mzuri ni baada ya swala ya alasiri, wazee wakiwa bado barazani. Shikamoo inatosha, huna haja ya kujifanya unajua Kiarabu. Ukikaribishwa mkekani, vua viatu ukae. Mimi kama mwanamke huwa nafuatana na mwalimu mwenzangu wa kiume, kisha yeye anabaki na wazee, mimi naingia ndani kwa akina mama. Huko ndiko ninakoambiwa nani amefiwa, madrasa imepungukiwa nini, na watu walikasirishwa na nini mwaka jana.

Swali langu la kwanza barazani ni hili: "Sheikh, sisi watu wa kanisani tunawakwaza wapi?" Mzee mmoja alinijibu bila kuzunguka. "Mwalimu, spika zenu tunazivumilia, na nyie mnazivumilia zetu. Kinachotuuma ni kijana anakuja kutuuliza habari za dini yetu, tunamjibu kwa moyo mweupe, kesho tunamsikia stendi na kipaza sauti, maneno yetu ameyageuza."

Jibu hilo ndilo lililonipa kanuni ya kwanza ya somo, na ninaisoma darasani siku ya kwanza kabla ya kitu kingine chochote: mwanachuo alichoelezwa kwenye baraza la mtu hakitumii kwenye mahubiri dhidi ya mtu huyo. Asiyeweza kuahidi hivyo haendi barazani. Wengi wetu tumekulia kwenye mihadhara ile iliyoshamiri miaka ya 1980 na 1990, Biblia mkono huu, Kurani mkono ule, watu wanashangilia kama wako uwanja wa mpira. Wanachuo wanafika wakidhani ndicho utakachowafundisha. Waambie mapema kwamba sicho. Wasomee 1 Petro 3:15, inayotaka tumjibu kila mtu "kwa upole na kwa hofu", halafu mwombe sheikh awasomee mwenyewe aya ya 46 ya Sura ya 29, inayowazuia Waislamu kujadiliana na Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, ila kwa njia iliyo bora.

Tena, usidhani ukishampata sheikh mmoja umewapata Waislamu wote. Ipo BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, iliyoundwa 1968, yenye masheikh wa mkoa na wilaya. Wapo watu wa tarika, yaani njia za Kisufi, na mojawapo, Kadiria, ina mizizi mirefu Tabora na Ujiji. Wapo Answari Sunna ambao hawasomi maulidi. Kwenye ugomvi wao wa ndani usitie neno, na usimtumie mmoja kumsema mwingine.

Darasani

Nani afundishe Uislamu? Mwislamu. Vyuo vingi humwita mtu aliyetoka kwenye Uislamu akaokoka, aje atoe ushuhuda, na hapo ndipo somo linapoishia. Ushuhuda wake una mahali pake, mahali penyewe ni ibadani. Kwa kipindi cha swala, funga na zaka, mwite ustadhi wa madrasa, na mlipe posho ileile unayomlipa mwalimu mwingine yeyote mgeni. Iweke kwenye bajeti ya chuo, isitoke mfukoni mwako kama sadaka.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la ukurasa mmoja. Kila mwanachuo anachagua jambo, tuseme kuelekea kibla, kutawadha au mfungo, analieleza kwa namna ambayo Mwislamu akisoma atasema, naam, ndivyo tulivyo. Kisha karatasi zinakwenda kwa ustadhi, naye anasahihisha. Nusu ya maksi natoa mimi, nusu anatoa yeye. Kijana mmoja aliandika kwamba Waislamu wanaabudu Kaaba. Karatasi ilirudi neno "wanaabudu" limekatwa kwa wino mwekundu, pembeni pameandikwa "tunaielekea", na chini kabisa, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyezoea ubao: "Nanyi mkisali mnatazama madhabahu. Je, mnayaabudu?" Kijana alikuwa amehubiri sentensi ile miaka mingi. Alikaa na karatasi ile kipindi kizima.

Zamu ya pili ni ya wanachuo. Ustadhi anawauliza kuhusu Utatu, nao wamjibu bila maneno ya vitabuni, kwa Kiswahili ambacho mama muuza mboga angekielewa. Hapa ndipo wanapogundua kwamba somo la Mungu walilopata mwaka wa kwanza bado halijawaingia. Walimu wenzangu wa dogma, yaani mafundisho ya imani, wananiambia wanafunzi hurudi kwao na maswali mazuri kuliko mwanzo.

Mkisoma Kurani kwa Kiswahili, tumieni tafsiri ambayo majirani wenyewe wanaiamini. Ya kwanza kuchapwa, ya mwaka 1923, ni ya mmisionari wa Kianglikana, Godfrey Dale, na Waislamu wengi hawakuipokea. Ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka kamili 1969, itakupeleka mahali popote bila kizuizi.

Historia msiiruke, hasa hapa kwetu. Wapeleke wanachuo Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone 1872 baada ya kuonana na Stanley Ujiji. Barabara ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Tabora hadi Ujiji ilipitisha pembe na watumwa, ilipitisha pia wafanyabiashara Waislamu, na baadaye wamisionari. Wahubiri wengine husimulia kana kwamba Uislamu wa bara ni wa wauza watumwa tu. Haikuwa hivyo. Sehemu kubwa ya watu walisilimu wakati wa Wajerumani na Waingereza, biashara ile ikiwa inakufa au imekwisha kufa, na waliowafundisha wengi walikuwa masheikh Waafrika, wakiwemo wa tarika. Utumwa uelezwe wote, bila kuficha waliouza, waliobeba na waliofaidi. Lakini mwombe ustadhi awepo siku hiyo. Mambo mazito kama haya yasisemwe jirani akiwa hayupo.

Chakula na msiba

Kwenye chakula ndipo nia njema nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mkialikana, ng'ombe au mbuzi achinjwe na Mwislamu. Usianze mjadala wa haki za kuchinja siku ya kumkaribisha mgeni. 2013 kule Buseresere, Geita, ugomvi wa kuchinja ulifika mpaka kumuua mchungaji. Njia rahisi zaidi ni samaki. Migebuka ya kutoka Kigoma, wali, maharage na mchicha, na hakuna atakayeuliza kitu. Bado kuna sufuria. Kama jiko la chuo limewahi kupika kitimoto, azima sufuria na miko kwa akina mama wa Kiislamu mtaani, na waombe baadhi yao waje kupika pamoja nanyi. Mgeni akimwona jirani yake jikoni, anakula kwa amani.

Msiba wa Kiislamu hausubiri. Maziko mara nyingi ni siku ileile, kwa hiyo ukisikia, ondoka. Wanachuo wa kiume wafuate jeneza na wapokezane kubeba kama wengine. Wa kike wakae na wafiwa, wamejitanda khanga, washike kazi za maji na vyombo. Rambirambi zipelekwe kwa anayeshika daftari. Vijuzuu vya Injili vibaki chuoni. Na majirani wakija kwenye msiba wetu, mwambie mhubiri mapema kwamba siku hiyo si ya kuwahesabia walioketi nyuma kuwa wamepotea. Nimeona watu wazima wakinyanyuka kimya kimya na kuondoka makaburini kwa sababu hiyo, na kurudisha uhusiano ule kulichukua muda mrefu.

Kwa kazi za pamoja, chagueni jambo ambalo mtaa mzima unalihitaji: kuchangia damu Hospitali ya Kitete, kufyeka makaburi, kupanda miti. Kalenda mziweke mezani pamoja. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. 2025 iliingia mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu, inayofungua mfungo wa Kwaresima, ikawa Machi 5. Mwaka wa namna hiyo, kazi nzito iwe asubuhi mapema.

Sala? Kila mmoja asali kwa namna yake, wenzake wakae kwa heshima. Sala ya kuchanganya haimpendezi mtu yeyote makini wa upande wowote, na sheikh atakuheshimu zaidi ukilitaja jina la Yesu bila kutafuna maneno.

Uvumi ukizuka, iwe ni picha ya WhatsApp au ukurasa wa kitabu kitakatifu uliochanwa, sharti liwe moja: simu kwa imamu kwanza, kabla mwanachuo yeyote hajasambaza chochote. Namba hizo ziwepo kwenye simu yako kabla ya siku yenyewe.

Kila mwaka atatokea mwanachuo atakayekataa kwenda barazani kwa dhamiri yake. Usimlazimishe na usimdhihaki. Mpe zoezi la ukurasa mmoja peke yake, karatasi iende kwa ustadhi kama za wengine. Maelezo yakirudi na wino mwekundu, mwachie mwenyewe aamue kama atakwenda kumuuliza aliyeandika.