Imeyeyuka, au imegeuka kitu kingine? Namna ya kupima mabadiliko ya kiumbo na ya kikemia

Juzi nilimsaidia mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Kwenye daftari lake, sukari ndani ya maji na magnesi ndani ya asidi zilikuwa na jibu moja: "imeyeyuka, kwa hiyo ni mabadiliko ya kiumbo." Sikumlaumu. Barafu ikiwa maji tunasema imeyeyuka, chumvi ikipotelea majini imeyeyuka, metali ikiliwa na asidi nayo imeyeyuka. Kitenzi kimoja kinabeba mambo matatu. Ndiyo maana kwa chumvi na sukari napenda kusema "kumumunyika", na magnesi namwambia mwanafunzi aseme wazi kuwa imemenyuka na asidi.

Hatua ya 1: Uliza kilichobaki ni nini

Joto, baridi, mapovu na rangi ni dalili tu. Nitrati ya amoniamu ikimumunyika, maji hupoa mpaka chombo kinakuwa baridi mkononi, na bado hayo ni mabadiliko ya kiumbo. Soda ikifunguliwa hutoa mapovu kwa sababu tu kaboni dayoksaidi iliyokuwa imeshindiliwa ndani inatoka. Swali la kubaki nalo ni hili: nikikusanya nilichonacho sasa, je, ni kitu kilekile nilichoanza nacho? Kikiwa kilekile, mabadiliko ni ya kiumbo; kikiwa kitu kipya, ni ya kikemia.

Hatua ya 2: Kilichomumunyika, kivukize

Mimina mmumunyo kwenye bakuli la kuvukizia, uliweke juu ya chombo cha maji yanayochemka. Sipendi kabisa kuweka bakuli moja kwa moja kwenye moto. Mmumunyo wa sukari ukikauka juu ya moto huungua na kuwa kahawia, na hapo kipimo chako chenyewe kimeleta mabadiliko ya kikemia. Chumvi itarudi chumvi. Magnesi iliyowekwa kwenye asidi hidrokloriki haitarudi metali inayong'aa. Utapata kloridi ya magnesi, ambayo ni nyeupe, na hidrojeni imeshakwenda zake.

Hatua ya 3: Iodini

Pasha punje chache taratibu ndani ya bika, juu yake weka chupa ya duara yenye maji baridi. Mvuke wa zambarau utapanda na kuganda chini ya chupa. Weka tone la mmumunyo wa wanga kwenye punje mpya: rangi ya bluu-nyeusi, sawasawa na punje za mwanzo. Molekuli ni zilezile, kwa hiyo mabadiliko ni ya kiumbo. Usivute mvuke huo.

Hatua ya 4: Kloridi ya amoniamu

Hapa ndipo nilipopoteza mchana mzima zamani. Nilikuwa nimesoma kwamba chumvi hii, kama iodini, hutoka yabisi kwenda gesi bila kuwa kimiminika. Nikaipasha kwenye testi tyubu. Unga mweupe ukatoweka chini, ukaganda juu kwenye kioo cha baridi. Nikaukwangua, nikaupasha tena, ukafanya vilevile. Nikaandika "kiumbo" kwa sababu kitu kilirudi. Kosa lilikuwa hapo: kurudi hakutoshi, ni lazima ujue kilipitia wapi.

Ikipashwa, kloridi ya amoniamu huvunjika kuwa gesi mbili, amonia na kloridi ya hidrojeni. Zikikutana mahali pa baridi huungana upya. Ukitazama tu, hutaona tofauti yoyote na iodini. Unatakiwa kuzitenganisha gesi kabla hazijaungana, hivi:

Weka unga kidogo sana chini ya testi tyubu kavu, kama ncha ya kijiko. Katikati ingiza pamba ya kioo, kwa koleo, si kwa vidole. Isiwe imeshindiliwa: ikibana, gesi haipiti na mgandamizo unapanda. Ikilegea mno, gesi zote mbili hupita pamoja na utaona moshi mweupe tu. Mara yangu ya kwanza niliiacha kabisa nikidhani ni pambo; bila hiyo hakuna jaribio.

Juu ya pamba weka karatasi ya litimasi nyekundu na ya bluu, zote zimeloweshwa kwa maji yaliyokenekwa. Karatasi kavu haitabadilika hata ukisubiri vipi. Zisikae karibu na moto zikaungua. Mimi nachagua litimasi badala ya kiashiria cha rangi nyingi, kwa kuwa hapa swali ni asidi au besi tu: asidi huifanya nyekundu, besi huifanya bluu.

Shika testi tyubu kwa kibanio, iinamishe, mdomo usielekee mtu. Vaa miwani, fanya kazi mahali penye hewa ya kutosha, upashe upande wa chini kwa moto mdogo. Litimasi nyekundu hugeuka bluu kwanza, kwa amonia ambayo ni besi. Baadaye zote mbili huwa nyekundu, kwa kloridi ya hidrojeni ambayo ni asidi. Uzito wa molekuli ya amonia ni 17, wa kloridi ya hidrojeni ni 36.5, hivyo amonia husambaa karibu mara moja na nusu kwa kasi zaidi na kuvuka pamba mapema. Gesi mbili tofauti kutoka kwenye unga mmoja: mabadiliko ya kikemia, tena yanayorudi nyuma.

Kinyume chake, kioo kikivunjika hakirudi, na hakuna kitu kipya kilichotokea.

Hatua ya 5: Jipime kwa salfeti ya shaba

Chukua unga mweupe usio na maji, uumumunyishe, kisha vukiza kwenye maji yanayochemka kama hatua ya 2. Utapata fuwele za bluu, si unga mweupe, kwa sababu maji yamejifunga ndani ya fuwele. Andika unachoona, halafu jibu swali la hatua ya 1 kabla hujaupasha kwa moto mkali zaidi kuurudisha mweupe.