Deuteroni moja ndani ya tokamaki, kwa laptopu kuukuu

Ukitaka kuiga kwa kompyuta tokamaki, yaani mashine ya umbo la pete inayoshikilia plazima (gesi moto sana yenye chaji za umeme) kwa sumaku, usianze na plazima nzima, utalia. Mimi huanza na deuteroni moja, yaani kiini cha hidrojeni nzito, kwa lugha ya programu ya Python.

Chukua uga wa sumaku wa ITER, tokamaki kubwa ya majaribio kule kusini mwa Ufaransa: tesla 5.3 kwenye umbali wa mita 6.2 kutoka kitovu cha mashine. Nje zaidi hupungua: B = 5.3 × 6.2 / R, ambapo B ni uga kwa tesla na R ni umbali kutoka kitovu kwa mita. Ipe deuteroni nishati ya keV 10 (kiloelektronivolti). Itauzunguka mstari wa sumaku mara moja kila nanosekunde 25 hivi, kwa nusukipenyo kisichozidi milimita 4. Basi hatua ya muda iwe nanosekunde 1 au chini.

Hapa ndipo nilipoungua. Nilitumia njia ya Euler, ile rahisi kabisa ya kukokotoa mwendo hatua kwa hatua, chembe ikajiongezea nishati yenyewe mpaka ikatoka nje ya chombo. Nikadhani nimevumbua kitu! Tumia njia ya Boris: nusu ya msukumo wa umeme, mzunguko wa sumaku, kisha nusu iliyobaki. Bila uga wa umeme, grafu ya nishati lazima ilale sawa kama maji mtungini.

Sasa itazame deuteroni yako: inahama taratibu, juu au chini, hadi ukutani. Ongeza uga unaoletwa na mkondo wa umeme ndani ya plazima, uendeshe tena. Itabaki ndani.